Kuyeyusha aluminiamu bila kumwaga dioksini hewani: mwongozo wa karakana za Nairobi

Mwongozo huu ni wa karakana inayoyeyusha kilo 30 hadi 100 za aluminiamu kwa mkupuo mmoja, ndani ya chungu kilichokaa kwenye tanuri la oili chafu na bloa (feni ya kusukuma hewa), kama matanuri yanayotoa sufuria, karai na vipuri pale Kariobangi Light Industries. Wanaoshughulika na shaba wamewekewa sehemu yao, kwa sababu shaba ina hatari yake ya pekee.

Tunachopigana nacho ni sumu za kikaboni zinazopanda na moshi. Oili isipoungua vizuri hutoa masizi yaliyobeba hidrokaboni zenye pete nyingi, ikiwemo benzopireni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Rangi na plastiki zikichomwa kwa moto hafifu hutoa mvuke wa benzini na jamii yake. Juu ya hizo kuna dioksini na furani, jamii mbili za sumu zenye klorini. Zote mbili pamoja zina maumbo 210, na 17 kati ya hayo ndiyo yenye sumu kali. Ile kali kuliko zote, TCDD, imo katika kundi hilohilo la kwanza tangu 1997.

Dioksini haina rangi wala haitambuliki kwa pua. Ikishaingia mwilini hukaa kwenye mafuta, na nusu yake huchukua miaka 7 hadi 11 kutoka. Zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayowafikia watu hupitia chakula: nyama, maziwa, samaki, mayai. Vumbi la moshi hutua kwenye majani na udongo, kuku akadonoa hapo, yai likaliwa nyumbani. Mtaani kama Korogocho, ambako kuku na mbuzi hujitafutia chakula nje, njia hiyo ni fupi mno. Kwa hiyo fundi asijidanganye kwamba moshi usiomkohoza hauna neno.

Sumu hizi huundwa panapokutana kaboni (masizi, mafuta, plastiki), klorini, oksijeni na joto la kati ya nyuzi 200 na 450, hasa karibu na 300. Shaba ikiwepo, hata vumbi lake tu, huchochea kazi hiyo iende haraka zaidi. Joto hilo hupitiwa mara mbili katika kila mkupuo: skrapu inapopanda joto kutoka baridi, na moshi unapopoa njiani kwenda nje. Ukiondoa klorini kabla ya kuwasha, umeziba mlango mkubwa kuliko yote, na kwa gharama ndogo kuliko zote. Ndiyo maana tunakaa sana kwenye meza ya kupanga skrapu kabla ya kufika kwenye tanuri.

Hatua ya kwanza: panga skrapu

Tenga eneo lenye sakafu ya saruji na paa, uweke meza na mapipa manne. Pipa la kwanza ni la metali tupu: vipande vya waya za umeme wa juu visivyo na ganda, masalio ya kukata shiti, sufuria kuukuu zisizo na rangi. La pili ni la vitu vyenye mafuta: pistoni, vichwa vya injini, maganda ya giaboksi. La tatu ni la vilivyopakwa rangi au lakiri, kama mikebe ya soda na fremu za madirisha. La nne ni la vitu visivyoingia tanurini kamwe.

Pipa hilo la nne ndilo linaloamua moshi wako. Ndani yake tia:

- waya wowote wenye ganda la plastiki, wa aluminiamu au wa shaba;
- vibao vya matangazo vyenye stika za vinaili, mpaka stika ziondolewe;
- shiti za mbele za majengo zenye plastiki katikati, zile ambazo mafundi huziita alukobondi;
- sufuria na kikaango chenye utando wa tefloni;
- kapasita, vipande vya transfoma, na mabodi ya redio na televisheni;
- betri za gari, nzima au vipande. Risasi iliyomo ni balaa nyingine, na betri za zamani zina vitenganishi vya PVC, plastiki yenye klorini, ndani yake.

Fremu za madirisha huleta matatizo kuliko vitu vingi kwa sababu zinaonekana safi. Ule mpira mwembamba unaoshika kioo mara nyingi ni PVC, na resini safi ya PVC ni klorini kwa asilimia 57 ya uzito wake. Gramu 100 tu za mpira wa namna hiyo katika mkupuo wa kilo 50 zinatosha kuufanya moshi uchome macho. Uvute kwa koleo kutoka pembeni. Ukikatika, pasua fremu kwa patasi uutoe wote. Toa pia magurudumu ya plastiki, skrubu za chuma na silikoni.

Kipande usichokijua kipimwe kwa waya wa shaba. Chukua waya mnene wa urefu wa sentimita 20, ushike kwa koleo, uuchome kwenye moto wa gesi mpaka mwali wa kijani uishe. Ukiwa bado moto, uguse plastiki au rangi unayoishuku ili kidogo kishikane nao, kisha urudishe motoni. Mwali ukiwa kijani, pana klorini au bromini, na kitu hicho ni cha pipa la nne. Fanya jaribio hili nje, upepo ukikupiga mgongoni, kwa kipande kidogo kama kichwa cha kiberiti, maana jaribio lenyewe hutoa chembe za sumu ileile unayoikwepa. Baadhi ya vitu vyenye naitrojeni pia huleta kijani. Hilo lisikusumbue: kukataa kipande kizuri ni hasara ndogo kuliko kupokea kibaya.

Vya mafuta vioshwe. Vipange wima juu ya wavu kwa siku nzima, mafuta yachuruzike kwenye karai. Kisha viloweke katika maji ya nyuzi 60 hadi 70 yenye sabuni ya unga, gramu 30 hivi kwa lita, kwa nusu saa, na usugue kwa brashi ya waya. Usitumie soda kali: inakula aluminiamu na kutoa hidrojeni inayolipuka. Petroli na vimumunyisho vya kusafishia breki visitumike pia, na vingine kati ya vimumunyisho hivyo vina klorini. Maji ya kuoshea yaache yatulie kwenye pipa usiku kucha, uenguwe mafuta juu, usiyamwage mtaroni.

Kausha juani, halafu weka vipande pembeni mwa mfuniko wa tanuri vipate joto la nyuzi 120 hadi 150 kwa dakika 20. Usivuke hapo, maana juu ya 200 mafuta yaliyobaki huanza kutoa kile tunachokiogopa. Usipunguze pia: tone la maji lililojificha kwenye tundu la boliti likizama ndani ya metali iliyoyeyuka hulipuka na kuirusha hadi darini.

Rangi kwenye pipa la tatu haiondoki kwa maji. Ile nene ikwangue kwa patasi au diski ya brashi, ukiwa umevaa barakoa. Mikebe ya soda haiwezi kukwanguliwa, kwa hiyo iyeyushe peke yake, kidogo kidogo, katika tanuri lenye chumba cha kuunguzia moshi. Asiye na chumba hicho aiuze kwa mwenye nacho.

Waya za shaba

Hakuna kazi ya metali mjini inayotengeneza dioksini kwa urahisi kama kuchoma waya kando ya mto au jalalani. Pale kuna PVC, kuna shaba, kuna moto hafifu wenye moshi mzito, na joto liko palepale penye madhara. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu za kikaboni zisizooza, umetaja uchomaji huo waziwazi miongoni mwa vyanzo vya sumu hizi.

Menya badala ya kuchoma. Chukua ubao wa mbao ngumu, toboa mashimo matatu ya milimita 4, 7 na 12, na funga kwa skrubu wembe wa kisu cha kukatia juu ya kila shimo, ncha ikiingia ndani kiasi cha unene wa ganda tu. Ukivuta waya, wembe unalipasua ganda kwa urefu. Waya wa milimita za mraba 2.5 na kuendelea humenyeka vizuri. Ule mwembamba zaidi uuze na ganda lake kwa mwenye mashine ya kusaga na kutenganisha. Shaba iliyomenywa inabaki na mng'ao wake na hununuliwa kwa bei ya juu kuliko iliyoungua, hivyo kijana anayechoma waya anapoteza pesa na mapafu kwa pamoja. Maganda yasirudi kuwa kuni.

Anayenunua skrapu afanye hivi: asipokee shaba nyeusi iliyochomwa. Mnunuzi akiendelea kuichukua, uchomaji hautaisha, hata ufukuzwe kutoka kila ukingo wa mto.

Hatua ya pili: oili

Oili ya gari iliyotumika inaungua vizuri, lakini haina budi kujulikana ilikotoka. Inunue gereji unayoifahamu, si kwenye mapipa yaliyokusanya kila kitu. Oili ya transfoma usiiguse hata ukipewa bure: za zamani zinaweza kuwa na PCB, sumu nyingine yenye klorini, na jaribio la kuangalia kama inazama majini halikuhakikishii kitu. PCB tupu huzama kweli, lakini oili ya madini iliyochafuliwa nayo huelea kama nyingine yoyote, huku kikomo cha Mkataba wa Stockholm kikiwa miligramu 50 tu kwa kilo. Oili za kukatia chuma nazo zikatae, kwani baadhi hutiwa parafini zenye klorini. Jaribio la waya wa shaba linafanya kazi kwa oili pia: chovya, choma, tazama rangi.

Iache itulie siku mbili kwenye pipa lililoinuliwa, fungua bomba la chini utoe maji na tope, kisha pitisha kwenye chujio la wavu laini. Kabla ya kuingia kwenye bana (kichomeo) ipashwe hadi nyuzi 60 au 70, iwe nyepesi ya kutawanyika kuwa ukungu. Oili baridi hudondoka matone, na kila tone lisilowahi kuungua linageuka masizi.

Halafu hewa. Kuungua kikamilifu kwa kilo moja ya oili kunahitaji kilo 14 hivi za hewa, na tanuri linahitaji ziada ya asilimia 30 juu yake. Tanuri linalokula lita 10 kwa saa linataka kama kilo 163 za hewa. Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi: mita moja ya ujazo ina gramu 980 hivi tu. Bloa lazima isukume mita za ujazo 165 kwa saa, ilhali Mombasa 140 zingetosha. Bana iliyopimwa pwani au iliyonunuliwa na karatasi ya vipimo vya usawa wa bahari itatoa moshi mweusi hapa, na fundi atalaumu oili bure. Ongeza kasi ya bloa au ukubwa wake, usipunguze matundu.

Hatua ya tatu: kuwasha na kulisha

Moto uanze kwa vipande vya mbao vikavu au gesi. Tairi, chupa na karatasi za nailoni zisitumike hata kidogo. Dakika za kuwashia ni baridi na chafu, na tairi moja inaweza kutia uchafu kuliko mkupuo mzima uliofuata.

Pasha tanuri likiwa na metali tupu peke yake, ile ya pipa la kwanza, mpaka theluthi ya chungu iwe imeyeyuka na kuta za tanuri ziwe na rangi ya machungwa, nyuzi 800 na zaidi. Aluminiamu huyeyuka kwenye 660. Baada ya hapo ndipo ulishe vilivyooshwa na vya rangi, kilo 1 au 2 kwa mara, ukivizamisha kwa koleo refu lililopashwa moto. Ngoja mwali wa juu utulie kabla ya kuongeza. Ukijaza chungu chote kikiwa baridi na kuwasha chini yake, unaipitisha skrapu yote polepole kwenye nyuzi 200 hadi 450, mvuke wake ukitoka nje bila kukutana na moto. Hilo ndilo kosa tunaloliona kila siku, na kulirekebisha hakugharimu shilingi.

Umeme ukikatika, funga oili kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Oili inayoendelea kudondokea matofali moto bila hewa hutoa wingu zito, na umeme ukirudi wingu hilo hulipuka. Weka vali ya umeme inayojifunga yenyewe, iunganishwe kwenye waya uleule wa bloa. Unapowasha tena, acha hewa peke yake ipite dakika 3.

Usivuke nyuzi 750 za metali. Joto la ziada halina faida kwa umiminaji, linateketeza aluminiamu na kuongeza uchafu unaoelea juu.

Hatua ya nne: dawa za kusafishia metali

Zipo tembe za kutolea gesi ndani ya aluminiamu zinazotengenezwa kwa heksakloroethani. Soma karatasi ya mfuko. Ukiona jina hilo, zirudishe dukani. Zinapozama kwenye metali moto hutoa klorini pamoja na mabaki yenye heksaklorobenzini, sumu iliyo kwenye orodha moja na dioksini. Tembe isiyo na karatasi wala jina haifai kununuliwa.

Badala yake tumia naitrojeni au argoni kavu, ileile argoni ya wachomeleaji, kwa mrija wa grafiti uliofika karibu na chini ya chungu. Mapovu yawe madogo, uso wa metali utikisike bila kurukaruka, dakika 8 hadi 10 kwa kilo 50. Mrija upashwe moto kabla ya kuzamishwa. Asiye na gesi aiache metali itulie dakika 15 kwenye nyuzi 700, auengue uchafu wa juu, amimine polepole. Kwa sufuria hilo linatosha. Kwa vipuri vya injini halitoshi.

Chumvi ya kufunikia, ukihitaji, iwe kidogo na kavu, na itumike skrapu ikiwa safi. Chumvi juu ya skrapu yenye mafuta inaleta klorini mahali penye kaboni.

Kuhusu mchanga wa kalibu, tutasema kwa ufupi: ufunge kwa udongo wa bentonaiti asilimia 8 na maji asilimia 4, usiufunge kwa oili chafu. Moshi mwingi wa kalibu hutoka baada ya kumimina, katika robo saa ya kwanza, kwa hiyo kalibu zipoe mahali penye hewa, mbali na watu wanaokula.

Hatua ya tano: chumba cha kuunguzia moshi

Hiki ndicho kifaa kinachofaa kujengwa, na ndicho hujengwa vibaya. Kanuni ni moshi wote ukae kwenye nyuzi 850 au zaidi kwa sekunde 2, hewa ya ziada ikiwemo. Palipo na klorini nyingi, zaidi ya asilimia 1 ya taka inayochomwa, joto linalotakiwa ni 1,100. Karakana ndogo haifiki huko kwa urahisi, hivyo tunarudi tena kwenye pipa la nne.

Tufanye hesabu kwa tanuri lile la lita 10 kwa saa. Moshi wake ni kilo 170 hivi kwa saa. Kwenye nyuzi 850, katika hewa nyepesi ya Nairobi, kilo hizo huvimba kuwa mita za ujazo 660 kwa saa, yaani 0.18 kwa sekunde. Sekunde 2 zinataka mita za ujazo 0.37. Bana ya chumba nayo inaongeza moshi wake, kwa hiyo panga 0.49: kimo cha mita 1, upana wa sentimita 70 kwa 70, vipimo vya ndani.

Linganisha na pipa la lita 200 ambalo watu hulitumia. Likishawekwa matofali ya sentimita 10 ndani, linabaki na lita 95 tu. Moshi unapita kwa nusu sekunde na kutoka haujaungua. Fundi anaona mwali mzuri ndani ya pipa na kuamini kazi imekwisha.

Jenga kwa matofali ya kuhimili moto. Nje yake zungushia blanketi la nyuzi za seramiki tabaka mbili za milimita 25, na juu yake bati. Unapolikata blanketi vaa barakoa na ulilowanishe kidogo, kwani vumbi lake linadhuru mapafu. Moshi uingie kwa chini, ukiwa umeelekezwa pembeni ili uzunguke, na utokee juu. Bana nayo ielekezwe upande huohuo wa mzunguko. Weka mrija wa hewa ya pili wenye vali, karibu na mlango wa moshi. Oksijeni mwishoni mwa chumba isishuke chini ya asilimia 6.

Thamokapo (kipimajoto) ya aina ya K iwekwe kwenye mlango wa kutokea. Ukiiweka mbele ya bana itakupa 1,000 huku moshi ukitoka na 600. Ncha yake iingie angalau sentimita 10 ndani, isiguse ukuta.

Kuupandisha moshi wa kiasi hicho kutoka 500 hadi 850 kunahitaji kilowati 19. Pamoja na joto linalopotea ukutani ni kama kilo 2 za gesi ya kupikia kwa saa. Mtungi mmoja wa kilo 13 hauwezi kutoa gesi kwa kasi hiyo mfululizo: utaganda baridi, presha ishuke, na joto la chumba lianguke katikati ya mkupuo. Unganisha mitungi mitatu, au tumia wa kilo 50. Tanuri likishapata joto kamili, moshi wake wenyewe huingia ukiwa karibu na 800, na gesi inayohitajika hupungua sana.

Utaratibu wa kuwasha haubadiliki: chumba kwanza, mpaka 850, ndipo tanuri. Wakati wa kuzima, tanuri kwanza, na chumba kiendelee nusu saa.

Gharama hizi ni nzito kwa karakana moja. Karakana nne au tano zilizo uchochoro mmoja zinaweza kuchangia tanuri moja la kuyeyushia skrapu chafu, lenye chumba, na kugawana mikuo safi ambayo kila mmoja ataiyeyusha tena kwake. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia inayowezekana Kariobangi.

Bomba la moshi

Moshi uliotoka chumbani una njia mbili tu zinazofaa. Usipokuwa na kichujio, utoke moja kwa moja kwa bomba fupi, wima, lililofunikwa blanketi ili ubaki moto mpaka nje. Bomba refu la bati tupu lenye kona ni kiwanda cha dioksini: linapoza moshi polepole kupitia nyuzi 450 hadi 200, na masizi yaliyolala kwenye kona yanasubiri humo kwa wiki nyingi yakiwa kwenye joto linalofaa. Chumba kinaua sumu, bomba linaiunda upya.

Ukiwa na kichujio cha mifuko, moshi upozwe ghafla chini ya 200, ndani ya sekunde moja, kwa maji ya ukungu. Kwa tanuri letu ni lita 50 hadi 55 kwa saa, zote zigeuke mvuke. Mifuko ya nyuzi za kioo huvumilia hadi 250 hivi, ya poliesta haivuki 130. Kabla ya mifuko puliza chokaa iliyozimwa na kaboni amilifu. Kaboni inayohitajika ni ndogo: miligramu 50 hadi 200 kwa kila mita ya ujazo ya moshi, yaani gramu 7 hadi 26 kwa saa. Mkaa wa jikoni uliosagwa hauwezi kushika nafasi yake. Haunasi kama kaboni amilifu, na unaweza kuwaka ndani ya mifuko.

Ncha ya bomba ipite paa refu la jirani kwa mita 3 angalau, bila kofia ya bapa inayourudisha moshi chini. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo moshi wa Kariobangi huelekea Huruma na Mathare. Asubuhi za baridi za Juni hadi Agosti hewa hutulia na moshi hukaa chini. Skrapu ya rangi isubiri mchana.

Majivu, masizi na mavazi

Dioksini nyingi huishia kwenye masizi na vumbi la kichujio, kwa hiyo hiyo ndiyo taka yenye sumu zaidi karakanani. Usifagie pakavu: nyunyiza maji kwanza. Tia kwenye mifuko miwili mizito, funga, weka ndani ya pipa lenye mfuniko, andika tarehe, na umkabidhi msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Isiende shambani kama mbolea, isichanganywe na matofali ya ujenzi, isifike mtoni. Kuku wasiingie karakanani.

Barakoa ya kitambaa hainasi mvuke. Inayofaa ni ya mpira yenye vichujio vya mkanda wa kahawia kwa mvuke wa kikaboni, na mweupe kwa vumbi. Nguo za kazi zibaki kazini, mikono ioshwe kabla ya kula.

Kisheria, karakana iko chini ya sheria ya mazingira ya EMCA ya 1999 na kanuni zake za ubora wa hewa, sheria ya usalama kazini ya 2007, na sheria ya vyuma chakavu ya 2015. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo unataja uyeyushaji wa skrapu za aluminiamu na shaba kwa majina. Kipimo cha Ulaya kwa vichomea taka, nanogramu 0.1 kwa mita ya ujazo, kinakuonyesha ukali wa jambo hili: nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Upimaji wake huchukua saa 6 hadi 8 za kukusanya moshi na maabara ya gharama kubwa, hivyo kila siku fuatilia joto la chumba, oksijeni na monoksidi ya kaboni, na uandike daftarini kila nusu saa.

Moshi ukiharibika ghafla

Ukiwa mweusi, hewa imepungua au oili imepoa: kagua mkanda wa bloa, chujio lake la hewa, halafu joto la oili.

Ukiwa mweupe wenye rangi ya samawati na harufu ya mafuta, mvuke unatoka bila kuungua. Umelisha haraka mno, au chumba kiko chini ya 850. Acha kulisha mpaka joto lirudi.

Macho na koo zikichoma, kuna klorini ndani. Usiongeze kitu, watu wasogee upande upepo unakotoka, maliza mkupuo huo chumba kikiwa kwenye joto la juu kabisa, kisha rudi mezani uitafute PVC iliyopita. Mara nyingi itakuwa ni fremu ya dirisha.

Joto la chumba likisoma vizuri lakini monoksidi ya kaboni ikapanda, toa thamokapo uikague. Imefunikwa masizi, au imesogea mbele ya bana.